Wiki sita za 0.5

Yule kijana wa maabara ya maji hakunigombeza. Aliomba daftari la kumbukumbu, akaliweka juu ya mfuniko wa tangi, akashusha kidole kwenye safu ya klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, kutoka juu hadi chini bila kukiinua. Halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, huku mvua imenyesha lini mara ya mwisho?" Nikamwambia Jumanne, na tena Alhamisi, na ile ya Alhamisi ilishusha matope mpaka barabarani. Akarudisha kidole kwenye Jumanne, kisha Alhamisi. "Na klorini haikushuka hata kidogo?"

Kila mstari ulisema 0.5, yaani nusu miligramu ya klorini kwa lita moja ya maji. Wiki sita mfululizo.

Sikumjibu. Aliyekuwa amesimama pembeni ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya maji, na yeye akanitazama kama mtu anayesubiri nimweleze mgeni jambo dogo lililokwama. Sikuwa na la kueleza. Vidonge vya kupimia viliisha mapema Februari, na tangu siku hiyo nilikuwa naandika namba niliyofundishwa kwamba ndiyo nzuri.

Mradi wetu ni wa maji ya mserereko, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru. Banio, yaani mahali maji yanapokingwa kwenye chanzo, liko juu msituni, bomba linashuka mpaka kwenye tangi la lita 50,000, kisha linagawa maji kwenye vilula 14, yaani vituo vya kuchotea maji, katika vitongoji vitano. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna umeme wa kulipia. Tulikuwa tunajivunia hilo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kutaka miradi ya vijijini iendeshwe na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, nasi tukasajiliwa, tukapata katiba, akaunti ya benki na fomu za kujaza kila mwezi. Mimi nilichaguliwa kusimamia mradi mwaka 2020 kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na ninajua kutunza hesabu. Nikapata mafunzo ya siku chache, nikakabidhiwa ndoo ya unga wa klorini, kipimo cha rangi na boksi moja la vidonge vya DPD, vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi.

Vidonge vilipoisha nilimwambia mweka hazina. Akasema tusubiri watu wavune, kwa wakati huo fedha iliyopo ni ya kununua koki. Nikaona ana haki. Koki iliyovunjika kila mtu anaiona, kidonge kilichoisha hakionekani na mtu. Lakini fomu ya mwezi ilikuwa inanisubiri, na nafasi tupu ingeleta maswali. Siku ya kwanza niliandika 0.5 kwa kusitasita. Siku ya tano sikusita tena. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na wasimamizi wenzangu wengi waliopita njia hiyohiyo, na hakuna aliyeanza kwa nia ya kudanganya watu wake. Tulikuwa tunajaza fomu. Mkono ulishazoea kabla ya dhamiri kuamka.

Kijana yule alichukua sampuli tatu siku hiyo: kwenye tangi, kwenye kilula cha katikati na kwenye kilula cha mwisho karibu na shule. Nilimwangalia kila hatua. Alipangusa mdomo wa bomba, akauchoma kwa moto wa spiriti, akaacha maji yatiririke, ndipo akafungua chupa yake bila kugusa ndani ya kifuniko. Aliniambia mle ndani kuna dawa kidogo ya kuizima klorini, ili isiendelee kuua bakteria njiani na kumpa matokeo ya uongo. Chupa zikaingia kwenye kisanduku chenye barafu, na akaondoka haraka, maana sampuli ya bakteria inatakiwa ifike maabara ndani ya saa chache.

Matokeo yalikuja wiki hiyohiyo. Kiwango ni rahisi kukikumbuka: katika mililita 100 za maji ya kunywa, bakteria wa E. coli wasiwepo hata mmoja. Kilula cha katikati na kile cha shule vyote vilikuwa nao. E. coli wanaishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana bombani maana yake kinyesi kimepata njia, na palipopita hao panaweza kupita kipindupindu au homa ya matumbo.

Mjukuu wa bibi jirani yangu alikuwa amelazwa kwa kuhara wiki mbili kabla. Alipona. Bibi alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa barazani, na mimi nikampa pole na kumwambia amchemshie mtoto maji. Kikombe cha maji nilichokuwa nimeshika mkononi kilitoka kwenye kilula kilekile. Kila nikilikumbuka lile daftari, ni pale barazani akili yangu inaporudi.

*

Siku ya pili baada ya matokeo tulipanda mlimani, mimi, mwenyekiti, fundi wetu wa mabomba na yule kijana aliyerudi na fomu ya ukaguzi. Ile fomu ni ya maswali ya ndiyo au hapana: uzio upo? Kuna choo au shamba upande wa juu? Mfuniko umekaa vizuri? Nilipoiona mara ya kwanza niliidharau, nikaona ni mambo ambayo hata mtoto angeyaona. Lakini sikuwa nimepanda mpaka kwenye banio kwa karibu mwaka mzima, na mtoto angekuwa ameshapanda.

Uzio ulikuwa umelala. Juu kidogo ya banio kulikuwa na migomba mipya na magimbi, na kijibanda cha kulindia shamba, na nyuma ya kijibanda ndiko mlinzi alikokuwa anajisaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au chanzo kama hicho. Mwenye migomba alikuwa ndugu wa mjumbe mmoja wa kamati yetu. Mjumbe alikuwa anajua. Nadhani wote tulikuwa tunajua kwa namna fulani, kwa sababu ndizi zile zilikuwa zinashuka sokoni na hakuna aliyeuliza zimetoka shamba lipi.

Chini ya hapo tukakuta tangi dogo la kupunguza kasi ya maji halina mfuniko. Kulikuwa na majani, na chura. Nilijisikia vibaya, lakini kijana akaniambia tuendelee kushuka, kwa sababu alikuwa na wasiwasi na jambo jingine. Alitaka kujua kwa nini tangi kubwa halikuwa na shida wakati kilula cha katikati, kinacholishwa na tangi hilohilo, kilikuwa nayo. Uchafu, alisema, umeingia baada ya tangi.

Tukafuata mstari wa bomba mpaka kwenye kijito ambako kina mama wanafulia. Pale bomba linapita chini ya tope, na kwenye tope fundi akafukua kiraka cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Alikifunga yeye mwenyewe mwaka uliopita, kwa muda, akisubiri kiungo kipya. Mchana kiraka kilikuwa kinavuja kuelekea nje, maji safi yakipotea. Basi, nikasema, tunapoteza maji, lakini uchafu unaingiaje ikiwa maji yanatoka?

"Mama, usiku mnafanya nini?"

Usiku nilikuwa nafunga valvu ya tangi ili lijae. Kila usiku, saa tatu, kwa miaka miwili, na niliona ni uangalifu. Kumbe nikishafunga, wale wa bondeni wanaendelea kukinga, bomba linabaki tupu, na bomba tupu linavuta. Panapovuja kutoka nje mchana, usiku panavuta kuingia ndani. Lile tope la kijito, pamoja na maji ya nepi zilizofuliwa pale, lilikuwa linanyonywa na bomba letu kila usiku, na asubuhi nikifungua valvu nalisukuma lote kuelekea shuleni.

Hili naomba wenzangu wa miradi midogo mlishike, kwa sababu sikulisikia kwenye mafunzo yangu na nimelikuta vijiji vingi tangu hapo. Mgao wa maji haupunguzi maji tu, unachafua. Kama lazima mfunge, kwanza zibeni mivujo, na asubuhi fungueni valvu ya kusafishia bomba na kumwaga maji ya mwanzo kabla mtu hajakinga ndoo.

*

Kuhusu dawa yenyewe, nilikuwa naipima kwa kikombe. Kikombe kimoja na nusu cha unga kila siku, masika na kiangazi. Ndoo ya unga ilikaa kwenye chumba cha bati, mfuniko haujakazwa, joto la mchana likiipiga. Unga ule, ambao watu wengi wanauita HTH, ukiwa mpya huwa na klorini kama asilimia 65 hadi 70. Ukikaa kwenye joto na unyevu unapungua nguvu kimyakimya, wala rangi yake haikuambii. Na kando ya ndoo nilikuwa nimeweka dumu la mafuta ya taa. Kijana alilishika dumu lile kwa haraka akalitoa nje kabla hajasema neno. Klorini ya unga ikikutana na mafuta inaweza kuwaka.

Alinifundisha jaribio la ndoo, na tangu siku hiyo sijawahi kutumia kikombe. Unachukua gramu 15 za unga, unazikoroga kwenye lita moja ya maji, unapata mchanganyiko wa asilimia moja. Unapanga ndoo tano za lita 20 zenye maji ya bombani yasiyotiwa dawa. Kwa bomba la sindano unatia mililita 1 ndoo ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, mpaka 5. Unasubiri nusu saa. Kisha unapima kila ndoo. Ile iliyobakiwa na 0.5 ndiyo inakuambia maji ya leo yanahitaji dawa kiasi gani, kwa sababu kila mililita moja kwenye ndoo ile ni sawa na nusu miligramu kwa lita.

Kiangazi ndoo ya pili ilitosha: miligramu 1 kwa lita, ambayo kwa tangi letu la lita 50,000 ni karibu gramu 77 za unga. Baada ya mvua ndoo ya pili haikuwa na kitu kabisa. Klorini yote ilikuwa imeliwa na uchafu, na ni ya nne ndiyo iliyobaki na rangi. Hapo ndipo nilipoelewa lile swali la mvua. Mtu yeyote anayejua maji akiona klorini haishuki siku ya mvua anajua hakuna aliyepima.

Tena si kila maji ni ya kuongezewa dawa tu. Maji yenye tope yanaificha bakteria na kuila klorini. Shirika la Afya Duniani linataka tope lisizidi NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia tope la maji) kabla ya kutia klorini, na likiwa chini ya 1 ni bora zaidi. Sisi tunafunga banio mafuriko yanapoanza na kuacha maji ya kwanza yapite. Nyumbani, jaza maji kwenye chupa ya plastiki angavu, isimamishe juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni. Ukishindwa kusoma kichwa cha habari, hayo yaache yatuame na uyachuje kwanza.

Na rangi nayo inadanganya. Mwaka uliofuata nilimwachia kijana wetu msaidizi kazi ya kutia dawa, akakosea hesabu. Nikarudi nikamkuta anapima. Kidonge kilipoingia maji yalikuwa ya waridi kwa nukta chache, kisha yakawa meupe. "Mama, hakuna klorini, niongeze?" Nilimzuia. Tukachukua sehemu moja ya maji yale, tukachanganya na sehemu tisa za maji ya banio yasiyo na dawa, tukapima upya: waridi iliyokolea. Klorini ilikuwa nyingi mno hata ikafuta rangi ya kidonge chake yenyewe. Tulimwaga nusu ya tangi siku hiyo. Rangi ikitokea na kupotea, usiongeze.

Shemeji yangu anaishi upande wa Mlima Meru, na nilipomsimulia haya aliniambia mbona sisi tuna bahati, kwetu tatizo linatiwa dawa likaisha. Kwao ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano, na watoto wake wawili wana meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Zamani kiwango chetu cha taifa kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Sasa ni 1.5, kama cha Shirika la Afya Duniani. Maji yake ni angavu kuliko yetu. Tangu anieleze hivyo sijamwambia tena mtu yeyote kwamba maji fulani ni salama kwa kuyatazama.

*

Mwenyekiti hakutaka matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema watu wakisikia wataacha kununua ndoo ya shilingi 50 na kurudi mtoni, na mtoni ni kubaya zaidi. Tulibishana nyumbani kwake mpaka usiku. Mwishowe nikamwambia kwamba mimi nitasoma, kwa sababu namba za uongo ni zangu.

Nilisoma matokeo, nikaeleza kiraka, nikaeleza valvu. Bibi jirani yangu akanyanyuka. "Mwanangu, sasa wiki zote hizo ulikuwa unatuandikia nini?"

Nikamwambia, "Bibi, nilikuwa naandika bila kupima." Sikuwa na sentensi nyingine.

Baba mmoja alitaka niondolewe palepale, na sikumlaumu. Wengine wakasema nikiondolewa, atakayekuja naye ataogopa kusema. Mzee wa kitongoji cha juu ndiye aliyeleta shauri lililopita: nibaki, lakini nisipime peke yangu. Kila asubuhi mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, kwa zamu, awepo kwenye kilula cha shule, aione rangi na aweke sahihi kwenye daftari. Na katika kila shilingi 50, shilingi 5 ziende kwenye fungu la dawa na vidonge ambalo mweka hazina haruhusiwi kununulia koki. Mwenye migomba alipewa mpaka mwisho wa mavuno. Aling'oa, akapewa miche ya kupanda mbali na mto. Yule mjumbe hatusalimiani kama zamani.

Yalikuja maneno mengine pia. Kipimo kilipokuwa sawa, maji yakaanza kunukia dawa, na ikavuma kwamba tunawawekea akina mama dawa ya kuzuia uzazi. Muuguzi wa zahanati yetu aliniokoa. Alikwenda kisimani na kwenye msiba, mahali watu wanapozungumza, akawaeleza kwamba ni dawa ileile anayotumia kusafishia zahanati anamozalishia watoto wao. Mimi nilikuwa na mabango. Mabango hayakumshawishi mtu.

Yeye pia ndiye aliyenipeleka majumbani. Tulipima kilulani, 0.3. Tukapima maji yaleyale kwenye mtungi saa nne baadaye: hakuna kitu. Mtungi hauna mfuniko, kata inaning'inia ukutani, mtoto ametoka kucheza anachota mkono ukiingia mpaka kwenye kiganja. Nilikuwa nimedhani kazi yangu inaishia kwenye koki. Sasa tunawahimiza watu watumie ndoo yenye mfuniko na bomba dogo chini, na aliyekosa fedha tunamwomba aache kuchovya, amimine.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipokuja, tulifunga banio siku mbili. Kulikuwa na taarifa za kipindupindu katika baadhi ya mikoa, watu walikuwa na hofu. Siku ya tatu kilula cha mwisho kilisoma 0.1, chini ya 0.2 tunayoitaka pale. Binti wa darasa la saba aliyekuwa zamu alinitazama. Nikamwambia andika. Akaandika 0.1, akaweka sahihi. Tukatangaza kwa kipaza sauti cha msikiti watu wachemshe maji mpaka tutakapowaambia, na mchungaji naye akatangaza kanisani. Ilichukua siku mbili nyingine kufika 0.4.

Jana kilula cha shule kilisoma 0.3. Kwenye ukurasa wa mwezi uliopita kuna siku moja niliyoandika kwa kalamu nyekundu: *hatukupima, kipimo kilidondoka kikapasuka*. Vidonge vimebaki 39, na tunatumia vitatu kwa siku. Barua ya kuomba boksi jingine nimeipeleka leo asubuhi kwa mweka hazina, akaisaini nikiwa nimesimama.